Mkate wa Muddy Waters

Msikilizaji mpenzi, juma hili nataka tuzungumze juu ya njaa. Ile njaa ya kutamani ukubwa nayo itakuja, lakini kwanza nasema njaa ya tumbo, ya kijana mwenye gitaa mkononi na asiye na senti ya kununulia chakula katika mji mkubwa wa ugenini.

Kijana huyo ni George Guy, ambaye dunia ya muziki inamjua kwa jina la Buddy Guy. Alizaliwa tarehe 30 Julai 1936 huko Lettsworth, kijiji cha wakulima wa pamba katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Wazazi wake walilima ardhi ya mtu na mavuno wakagawana na mwenye shamba, mpango ambao kila mwaka ulimwacha mkulima mweusi pale pale alipokuwa mwaka uliotangulia. Gitaa lake la mwanzo alijitengenezea mwenyewe kwa waya alizochomoa kwenye wavu wa dirisha, na mbu wakapata njia. Alipokua alikwenda mji wa Baton Rouge akapata kazi ya mkono katika chuo kikuu cha jimbo, mchana akitengeneza hiki na kufagia kile, usiku akipiga gitaa vilabuni.

Mashujaa wake walikuwa wengi. Alimpenda Guitar Slim, aliyefunga waya mrefu kwenye gitaa lake ili apige huku akitembea katikati ya watu. Lakini aliyemtoa nyumbani ni Muddy Waters wa Chicago. Sahani za Muddy zilikuwa zikisikika kusini kote, na vijana wa rika la Guy waliamini kuwa mahali zilikotoka sahani hizo ndiko muziki wa bluzi ulikokuwa na makao yake. Basi tarehe 25 Septemba 1957, akiwa na miaka 21, Guy alipanda treni kwenda kaskazini. Mama yake, aliyekuwa amepatwa na kiharusi, alimwahidi mambo makubwa: kwamba atarudi na gari aina ya Cadillac lenye madoadoa. Mwenyewe alijua anamdanganya.

Chicago haikumjua. Fedha zikaisha, kazi hakuna, na kwa masimulizi yake mwenyewe alikuwa amefikia kutafuta njia ya kurudi kwao. Ndipo mtu asiyemfahamu alipomwona na gitaa, akamtaka apige, kisha akamchukua hadi ukumbi wa 708, mtaa wa 47, upande wa kusini wa jiji, ambako usiku huo alikuwa akipiga Otis Rush. Guy alipewa nafasi jukwaani. Akapiga kama mtu asiye na kesho. Mtu akaenda kumwita Muddy Waters.

Sasa, msikilizaji, jiweke mahali pa kijana huyo. Mtu uliyemsikiliza tangu utotoni, ambaye sauti yake imekutoa kwa mama mgonjwa, amesimama mbele yako. Unangoja nini? Nadhani wengi wetu tungengoja mtihani. Tungengoja mkubwa atuambie tupige wimbo fulani, kisha atikise kichwa. Muddy hakufanya hivyo. Alikuwa ameshaambiwa kwamba kijana ana njaa. Alimwingiza ndani ya gari lake, akampa mkate uliotiwa nyama ya salami, akamhimiza ale. Guy anasimulia kwamba alipojua hasa ni nani anayemlisha, alisema njaa imemtoka. Muddy akamtaka ale hivyo hivyo.

Napenda sana kisa hiki, na sababu si utamu wake. Huko Marekani kimesimuliwa mara nyingi mno, na wasimuliaji wengi hukiachia hapo, kana kwamba mkate ulimaliza kazi. Muddy alijua anachokifanya kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa amepita njia ile ile. Aliondoka Mississippi mwaka 1943, ametoka shamba la Stovall karibu na mji wa Clarksdale. Huko nyumbani alikuwa amejifunza kwa kumtazama Son House akipiga. Alipofika Chicago aliendesha lori na kufanya kazi kiwandani, na aliyempokea kwenye muziki ni Big Bill Broonzy, ambaye wakati huo alikuwa mkubwa wa mji. Hakumsahau. Mwaka 1960 Muddy alitoa sahani nzima ya nyimbo za Broonzy, aliyekuwa amefariki miaka miwili kabla. Kwa hiyo mkate wa usiku ule ulikuwa deni likilipwa, ingawa aliyelipwa si yule aliyekopesha.

Lakini tuendelee mbele, maana kupiga pamoja na shujaa ni jambo jingine kabisa. Guy alingoja miaka sita hivi. Mwezi Septemba 1963 kampuni ya Chess, iliyokuwa ikitoa sahani za Muddy, ilitaka sahani ya magitaa makavu, yasiyotumia umeme. Vijana wa Kizungu wa vyuoni walikuwa wameshikwa na homa ya nyimbo za kienyeji, na kampuni iliona biashara. Hapo pana kichekesho, kwa sababu Muddy ndiye mtu aliyechukua bluzi ya shambani na kuitia umeme, na sasa anaambiwa arudi kukaa barazani. Ilitakiwa apatikane mpigaji wa pili anayejua mapigo ya zamani. Guy anasimulia kwamba mwenye kampuni, Leonard Chess, alitarajia mzee kutoka kusini, na Muddy akaja na huyu kijana wa miaka 27 aliyejulikana kwa makelele.

Sahani hiyo inaitwa Folk Singer, ilitoka mwaka 1964. Mwenye nafasi aisikilize. Kuna Muddy, kuna Willie Dixon kwenye bezi kubwa la kusimama, kuna Clifton James kwenye ngoma, na kuna Guy. Mtu asiyeambiwa hawezi kudhani kwamba huyu ndiye kijana aliyeiga waya mrefu wa Guitar Slim. Anapiga kidogo. Muddy anapoimba, Guy ananyamaza. Muddy anapovuta pumzi, Guy anatia noti mbili tatu, anarudi nyuma. Ukifuatilia utaona anajua mzee atakwenda wapi kabla mzee hajakwenda. Hayo hayafundishwi studio siku ya kurekodi. Ni matunda ya kusikiliza sahani kule Louisiana mpaka zikakwaruzika.

Kwenye bendi zetu za dansi tunamjua kijana wa namna hii, na tunamjua pia kinyume chake: yule anayepewa nafasi ya kukaa kando ya mkongwe, basi usiku kucha anataka dunia ijue kuwa naye yupo.

Hata hivyo nisingependa mtu aondoke hapa akidhani nasifu kunyamaza tu. Kunyamaza huko kulimgharimu Guy. Kampuni ya Chess ilimtumia sana kupigia wengine, lakini sauti yake mwenyewe, ile ya kupiga kwa nguvu na kuacha gitaa lilie, haikuitaka. Ilionekana ni fujo. Mwaka 1967 ndipo ilipotoa sahani yake moja nzima, naye alikuwa akijikimu kwa kuendesha bredauni, lile gari la kuvuta magari mabovu. Wakati huo huo Waingereza waliokuwa wamemsikiliza kwa makini walikuwa wakijaza kumbi kwa makelele ya aina hiyo hiyo. Guy anadai kwamba Leonard Chess baadaye alimwita, akamsikilizisha muziki wa vijana hao, akainama na kumwambia ampige teke.

Wapo wanaosema kungoja kulimkomaza. Sikubali. Sahani yake ya Damn Right, I've Got the Blues, iliyomfanya ajulikane duniani kote, ilitoka mwaka 1991, akikaribia kutimiza miaka 55. Mama yake hakuwahi kumwona akipiga jukwaani. Gitaa lenye madoadoa ambalo Guy amekuwa akilipiga miaka mingi ni kumbukumbu ya ile Cadillac ya uongo. Mtu haambiwi kwamba hasara kama hiyo ni mafunzo. Muddy alimpa kijana alichokuwa nacho: chakula, neno, na kiti kando yake studio. Ufunguo wa studio haukuwa mfukoni mwa Muddy.

Mwaka 1972 Guy alianzisha ukumbi wake, Checkerboard Lounge, mtaa wa 43 upande huo huo wa kusini. Usiku wa tarehe 22 Novemba 1981 Muddy alikuwa akiimba hapo, wakaingia Rolling Stones, Waingereza ambao hata jina la bendi yao walilitoa kwenye wimbo wake. Wakapanda jukwaani mmoja mmoja, matajiri wale, wakiwa na nyuso za watoto walioitwa mbele na mwalimu. Picha za filamu zipo. Guy naye alipanda, katika nyumba yake mwenyewe. Muddy alifariki tarehe 30 Aprili 1983.

Huko Clarksdale, karibu na shamba aliloliacha Muddy, alizaliwa mwaka 1999 kijana Christone Ingram, anayeitwa Kingfish. Sahani yake ya kwanza ilitoka mwaka 2019, akiwa na miaka 20. Katika wimbo mmoja wa sahani hiyo mzee wa miaka zaidi ya 80 anaimba na kupiga gitaa pamoja naye, kisha anamwachia kijana nafasi apige. Mzee huyo ni Buddy Guy.