Waa Huulizwa Kabla ya Kufuliwa
Hotuba ya Katibu juu ya Nyumba ya Dobi ya Chama



Tumeombwa tuseme machache juu ya Nyumba ya Dobi ya Chama chetu Kikuu. Waliotutangulia wamesema habari za bei ya kahawa, mikopo ya pembejeo na ghala jipya, nasi twajua kuwa baada ya mambo makubwa kama hayo habari za sabuni huonekana ndogo. Hata hivyo, katika miaka kumi hii hakuna idara iliyotuletea malalamiko mengi ofisini kuliko hiyo, na sehemu kubwa ya malalamiko hayo ilikuwa ya haki. Tumeona si vema kijitabu cha sherehe kijae sifa tupu na jambo hili lisitajwe.

Wengi wenu mwakumbuka lilivyoanza. Mashine zilinunuliwa kwa ajili ya shuka za hosteli na ovaroli za watu wa kiwanda cha kukoboa kahawa. Zilipoonekana zinakaa bure siku mbili tatu kila juma, Halmashauri ikaamua wanachama nao walete nguo zao kwa malipo. Hapo ndipo tulipokosea. Tulidhani udobi ni maji ya moto, sabuni nyingi na mikono yenye nguvu. Nguo nyeupe zote zilichemshwa pamoja kwa sabuni na magadi, za rangi zikatiwa katika maji ya vuguvugu, na waa lililobaki baada ya hapo tuliliita sugu, tukalipiga pasi.

Katika mwaka wa pili mama mmoja mwanachama alileta gauni jeupe la pamba la binti yake, la kipaimara. Ilikuwa siku ya Alhamisi jioni, na ibada ilikuwa Jumapili. Mtoto alikuwa amelivaa kwa mazoezi, na njiani akimsaidia bibi yake kubeba mkungu wa ndizi uliokatwa muda ule ule. Gauni lilipopokewa mezani halikuonyesha kitu ila matone machache hafifu, kama maji yaliyokauka. Hakuna aliyeuliza. Asubuhi likachemshwa pamoja na mengine. Lilipotoka lilikuwa na mawaa ya rangi ya kahawia iliyokolea, kifuani na begani, na kila tulipoongeza sabuni yalizidi weusi. Binti alipata kipaimara chake ndani ya gauni la kuazima lililokuwa refu mno kwake.

Tulilolifanya baada ya hapo hatulisimulii kwa furaha. Stakabadhi zetu zilikuwa na mstari uliosema kuwa nguo hupokewa kwa dhima ya mwenyewe, nasi tukamwonyesha yule mama mstari huo. Alipopeleka shauri lake kwa Halmashauri, iliamuliwa alipwe. Sisi tukazikata fedha hizo katika mshahara wa dobi. Kijana yule hakusema neno, na mwisho wa mwezi aliondoka. Ilitupasa kusoma na kuuliza kwa miezi mingi ndipo tutambue kuwa kosa lilikuwa katika daftari tulilolichora kwa mikono yetu wenyewe. Lilikuwa na safu ya jina, safu ya idadi ya nguo na safu ya malipo. Safu ya kuandika nguo imeingiwa na nini haikuwamo. Fedha zake zilirudishwa kwa azimio la Halmashauri, tukazipeleka kwa wazazi wake kwa mkono, na ule mstari wa dhima ukafutwa katika stakabadhi.

Sasa tuseme sababu yenyewe. Utomvu wa mgomba una tanini ndani yake. Ukitoka huonekana kama maji, lakini ukikutana na hewa hugeuka kahawia, kisha mweusi. Joto na magadi huuharakisha mgeuko huo, na sabuni ya kipande ina tabia ya magadi. Yaani tulichukua waa ambalo lingaliweza kupunguzwa kwa maji mengi ya baridi, tukalipikia rangi. Chai na kahawa ni ndugu zake utomvu: hutakiwa maji ya baridi kwanza, kisha sabuni ya maji isiyo kali, na sabuni ya kipande ikae mbali. Utomvu ukiwa umekwisha kukauka katika pamba nyeupe, twatumia asidi ya oksaliki iliyozimuliwa sana, na kusuuza mara nyingi. Asidi hiyo ni sumu ikinywewa. Huwekwa ndani ya kabati yenye kufuli, na anayeitumia huvaa glavu.

Damu nayo haitaki moto, lakini kwa sababu nyingine. Ina protini, na protini hufanya katika maji ya moto vile vile lifanyavyo yai: huganda. Shuka yenye damu ikiwekwa katika maji ya baridi yenye chumvi kidogo hutoka bila taabu ikiwa bado mbichi. Ikichemshwa kwanza, waa hushikamana na uzi. Maziwa na mayai ni hivyo hivyo. Kwa mawaa ya namna hii zipo sabuni za unga zenye vimeng'enya, navyo hula protini kama tumbo lilavyo chakula. Fikira hiyo si ngeni. Mjerumani Otto Röhm aliipatia hataza mwaka 1913, akitumia vimeng'enya vya kongosho la wanyama. Vimeng'enya hivyo hupenda vuguvugu. Maji yachemkayo huviua, na fedha ya sabuni ikapotea bure.

Mafuta na grisi za ovaroli ndizo zinazostahili maji ya moto na magadi, na hapa zile desturi zetu za kwanza hazikuwa na kosa. Tope jekundu huachwa likauke, likapigwa brashi, ndipo nguo ilowekwe. Wino wa kalamu ya bolpeni, ambao makarani wenzetu hutuletea mifukoni mwa mashati kila mwisho wa mwezi, hutolewa kwa spiriti. Kutu ya bati na ya misumari hutolewa kwa ndimu na chumvi, au kwa ile asidi ya oksaliki. Dawa ya klorini hailitoi waa la kutu, bali hulizidisha. Klorini pia hula sufu na hariri, wala haina huruma kwa kanga.

Kuna jambo moja juu ya klorini ambalo tumeliandika kwa herufi kubwa ukutani. Isichanganywe kamwe na siki, ndimu, wala asidi yoyote. Ikichanganywa hutoa gesi ya klorini, ile ile iliyotumiwa kuwaua askari huko Ypres mwaka 1915. Tunalisema hapa kwa sababu wengi wenu mna klorini na ndimu katika jiko moja.

Siku hizi nguo ikiingia hupita kwanza katika meza ya mawaa. Dawa hujaribiwa katika upindo wa ndani, mahali pasipoonekana. Kisha kitambaa cheupe huwekwa chini ya waa, na dobi hugongagonga kwa brashi laini kutoka pembeni kuelekea katikati, ili waa lisitambae. Hasugui. Dawa moja husuuzwa hata iishe kabla ya kutiwa nyingine. Na hakuna nguo ipelekwayo kwenye pasi waa likiwa bado lipo, maana pasi ndiyo muhuri wa mwisho. Kazi hii ni ya polepole, na mtu akiitazama kwa mara ya kwanza hudhani dobi anacheza.

Lakini haya yote hayafai kitu kama hatukuambiwa ukweli. Karani wa mapokezi huuliza, nanyi wanachama mwajibu, "Ni uchafu tu." Twafahamu sababu. Bwana mmoja hapendi kusema mbele ya jirani zake kuwa waa ni la mbege, na mama aliyetoka kujifungua hapendi kuitaja damu kwa sauti mbele ya vijana. Kwa ajili hiyo tumeweka mama mtu mzima mezani siku za Jumatatu na Alhamisi, na vikaratasi ambavyo mwenye nguo aweza kuviandika na kuvikunja. Karani atakayecheka ataonywa. Mmoja alikwisha kuonywa.

Tunabakiwa na nguo za kupigia dawa kahawa, nazo ndizo zinazotutia wasiwasi. Lile waa la buluu la mrututu na dawa za shaba, tunazopiga dhidi ya chulebuni na kutu ya majani, halitusumbui. Mfaransa Millardet aliueleza mchanganyiko wa mrututu na chokaa mwaka 1885 katika mizabibu ya Bordeaux, na alama zake huyeyuka kwa siki. Ya kuogopwa ni dawa za wadudu ambazo hazina rangi. Nguo yenye dawa hiyo huonekana safi kabisa, ikatiwa pamoja na shuka za mtoto, nayo dawa ikahamia huko. Wengine huzileta zimeviringwa ndani ya kanga ya mama wa nyumbani, na yeye ndiye aliyezibeba kichwani. Twaomba ziletwe peke yake ndani ya mfuko wa plastiki, siku ile ile zilipovaliwa, na mwenyewe aseme jina la dawa.

Kwa sasa hufuliwa mwisho wa siku katika mashine ile ile ya nguo nyingine, kisha mashine husuuzwa tupu kwa maji ya moto na sabuni. Hilo halitoshi. Ofisi imeomba mashine ya pili, yenye bomba lake la maji machafu lisiloelekea mferejini, maana mifereji yetu hunywewa na ng'ombe. Baadhi ya Wajumbe waona gharama ni kubwa kwa nguo chache. Sisi twaona vingine. Hoja hiyo ni ya nne katika orodha ya Mkutano Mkuu wa leo alasiri, na makadirio ya bei yamebandikwa mlangoni mwa ghala.