Haki ya Mshtakiwa Kujitetea Mwenyewe



Tumeombwa tuzungumze juu ya mtu asimamaye kizimbani pasipo wakili. Katiba yetu ya zamani, katika kifungu cha 77, ilimruhusu mshtakiwa ajitetee yeye binafsi au kwa wakili aliyemchagua. Lakini kifungu hicho hicho kilitamka kwamba hakikumpa mtu haki ya kulipiwa wakili na umma. Kwa tajiri, kujitetea kulikuwa hiari. Kwa maskini, kulikuwa lazima iliyovikwa joho la haki.

Katiba ya 2010 ilisahihisha jambo hilo. Kifungu cha 50 chaagiza mshtakiwa aelezwe upesi haki yake ya kuwa na wakili, na apewe wakili kwa gharama ya Serikali iwapo bila hivyo dhuluma kubwa ingetokea. Mwaka 2016 ikatungwa Sheria ya Msaada wa Kisheria. Hata hivyo, wengi wangali wakisimama peke yao. Hao na wajue mambo matatu.

Kwanza, kuwa peke yako si kuwa mikono mitupu. Mshtakiwa ana haki ya kupewa muda wa kutosha kujitayarisha, kuujua mapema ushahidi wa upande wa mashtaka, na kupata mkalimani bila malipo. Ayaombe hayo mbele ya hakimu, yaandikwe. Lisiloandikwa ni vigumu kulidai katika rufani.

Pili, shahidi akisha kusema, mshtakiwa ana zamu ya kumhoji. Hapa wengi huangamia, kwa maana huhutubia au hugomba badala ya kuuliza. Aulize kwa ufupi: Ulisimama wapi? Palikuwa na taa? Ulimjuaje?

Tatu, akionekana ana kesi ya kujibu, njia ni tatu: aape na ahojiwe, aseme bila kiapo wala kuhojiwa, ingawa maneno hayo huwa na uzito mdogo, au anyamaze. Kunyamaza si kukiri. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayeshtaki.

Nasi tulio nje ya kizimba tuna wajibu. Kesi husikizwa hadharani; basi twendeni tukaketi mahakamani. Kabla ya siku hiyo, tumsaidie ndugu yetu kuandika maswali yake na kuwatafuta mashahidi wake. Wala tusichoke kudai wakili kwa kila asiyeweza kumlipa, maana kujitetea ni haki pale tu mtu alipokuwa na njia nyingine, akaikataa.

Wahenga walinena: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi twasema apewe haki yake kwanza, asinyongwe.