Taka za Mji: Tuzizoe Wenyewe au Tumkabidhi Mkandarasi?

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama wetu mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniomba nieleze kazi ya mtumishi wa serikali. Badala ya kuwachosha kwa habari za idara na vyeo, nimechagua jambo moja ambalo halmashauri za miji hulijadili kila mara: je, taka zizolewe na halmashauri yenyewe, au kazi hiyo apewe mkandarasi? Nitatumia mfano wa Dar es Salaam, kwa sababu jiji hilo limezijaribu njia zote mbili.

Kabla ya mwaka 1994 kazi hiyo ilikuwa mikononi mwa Halmashauri ya Jiji. Magari yalikuwa machache na mabovu, na ni sehemu ndogo sana ya taka iliyofika dampo. Dampo lenyewe lilikuwa na mgogoro. Wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri kwa ajili ya moshi, harufu na inzi, na mwaka 1988 Mahakama Kuu ikawapa haki. Taka zilipopelekwa Kunduchi Mtongani, wakazi wa huko nao walikwenda mahakamani mwaka 1991, nao wakashinda.

Katika hali hiyo, mwaka 1994 kampuni moja binafsi ilikabidhiwa kata 10 za katikati ya jiji. Baadaye, wakati wa Tume ya Jiji iliyoongoza kuanzia 1996 hadi 2000, kampuni ziliongezwa, na vikundi vya wananchi, vikiwamo vya wanawake na vijana, vikapewa maeneo. Taka zilizozolewa ziliongezeka. Lazima tuseme hivyo kwa haki, maana wako wenzetu wanaodhani kila kinachopewa mtu binafsi ni hasara kwa umma.

Lakini ndugu zangu, tazameni jinsi mkandarasi alivyolipwa. Alitakiwa kukusanya ada mwenyewe kwa wenye nyumba na wenye maduka. Mtu wa namna hiyo atapeleka gari wapi kwanza? Atalipeleka penye barabara nzuri na watu wenye uwezo wa kulipa. Katika mitaa kama ya Manzese, ambako nyumba zimebanana na gari halipiti, kazi huangukia mikokoteni. Asiye na ada hutupa taka mtaroni usiku. Mvua ikinyesha mtaro unaziba, maji yanaingia majumbani, na kipindupindu kikizuka hakiulizi nani alilipa na nani hakulipa. Basi taka si kama nguo au sukari, ambayo asiyelipa hukosa peke yake. Uchafu wa jirani yangu ni ugonjwa wa mtoto wangu.

Wengine watasema: basi halmashauri imlipe mkandarasi moja kwa moja. Vema, lakini imlipe kwa kipimo gani? Akilipwa kwa safari, gari litaondoka nusu tupu. Akilipwa kwa tani, atapakia hata mchanga, na kama dampo halina mzani hakuna atakayejua tani ni ngapi. Umbali nao una gharama. Dampo la Pugu Kinyamwezi liko kilomita zipatazo 30 kutoka katikati ya Dar es Salaam, na saa ambazo gari linakwama njiani ni saa ambazo halizoi kitu. Na taka zetu kwa sehemu kubwa ni maganda na mabaki ya chakula. Ni nzito, zimejaa maji, na kwa joto letu huoza upesi. Haziwezi kungoja wiki mbili. Mambo hayo yote hayana budi kuandikwa katika mkataba, na mwandishi wa mkataba hana budi kuyajua.

Hapo ndipo penye hatari ninayotaka muione. Halmashauri ikiuza magari yake yote na kuwaachisha watu wake wote, baada ya miaka michache haitakuwa na mtu ajuaye gharama halisi ya kuzoa tani moja. Mkandarasi atataja bei, nayo italazimika kukubali.

Mji wa Phoenix, Marekani, ulichukua njia nyingine. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 uligawanywa katika maeneo, na idara ya mji ikaruhusiwa kushindana na kampuni binafsi katika zabuni, hesabu zake zikikaguliwa na mkaguzi wa mji. Mwanzoni idara ilishindwa mara kadhaa. Haikulalamika. Madereva wenyewe walipanga upya njia za magari na ratiba za kazi. Mwaka 1984 idara ilishinda tena, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 ilikuwa imeyarudisha maeneo yote. Kwa hiyo msikubali kuambiwa kwamba mtumishi wa umma ni mvivu kwa asili yake. Akipimwa na akasikilizwa, hufanya kazi.

Maoni yangu ni haya. Wakandarasi na vikundi wapewe kazi, lakini halmashauri ibaki na magari yake na eneo lake la kuzoa, ili ijue gharama. Mitaa isiyoweza kulipa igharamiwe na mfuko wa mji. Mkataba utaje glavu, viatu na ujira wa wanaofagia, maana bei ya chini mara nyingi hutoka mifukoni mwao. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Namba 8 ya mwaka 1982 imezipa halmashauri wajibu wa kuondoa taka. Mkandarasi akishindwa, wananchi wataishtaki halmashauri, kama walivyofanya watu wa Tabata.

Vijana, baadhi yenu mtakuwa madiwani, maofisa afya, au wenye kampuni zitakazoomba zabuni hizo. Siku mtakapoletewa mkataba, ulizeni ni nani atakayeingia katika vichochoro, na kwa fedha ya nani. Kabla hamjajibiwa hilo, msitie sahihi.