Makumbusho Madogo na Wenyeji Wake: Mada kwa Semina ya Walimu na Wazee wa Tarafa ya Matombo



Nimeombwa nizungumzie safari za kutembelea makumbusho. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam, yaliyofungua milango yake mwaka 1940, nayaacha kando. Yana wataalamu wake wa kuyasemea, na walimu wengi hapa wameshawapeleka wanafunzi. Nitazungumzia yale ya chumba kimoja au viwili yaliyoko mikoani: kwenye uwanja wa misheni, kwenye boma la zamani la Mjerumani, kando ya kaburi la chifu. Hoja yangu ni moja. Nguvu ya makumbusho madogo iko kwa watu wanaoishi jirani na vitu vilivyomo, na mgeni anayeondoka bila kuzungumza nao hajayatembelea. Nitaieleza kwa mifano ya mbali kwanza, kisha nirudi hapa Matombo, maana hapa ndipo penye kazi.

Kalenga na Bujora

Kalenga iko nje kidogo ya mji wa Iringa. Wajerumani waliiteka ngome yake tarehe 30 Oktoba 1894, lakini Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwaponyoka akaendelea kupigana hadi Julai 1898, alipojipiga risasi ili asishikwe akiwa hai. Kichwa kilikatwa, fuvu likapelekwa Ujerumani. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliiagiza Ujerumani, katika kifungu cha 246, ilikabidhi fuvu hilo kwa serikali ya Uingereza ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Gavana Edward Twining alilitafuta katika makumbusho ya mji wa Bremen, na Juni 1954 akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mwenyewe, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Fuvu hilo limo ndani ya kioo, katika jengo dogo. Mwanafunzi akisoma bango na kupiga picha, dakika kumi zinatosha na anatoka. Lakini Twining alikuta shehena ya mafuvu kule Bremen, na alichagua kwa kulinganisha vipimo vyake na vipimo vya vichwa vya jamaa wa Mkwawa walio hai. Je, njia hiyo inatosha kuthibitisha? Wahehe wenyewe walilipokeaje? Kwa nini Mwingereza alijitaabisha na jambo hili katika miaka hiyo hiyo ya 1950, vuguvugu la uhuru likianza kupanda? Majibu ya maswali kama hayo hayaenei kwenye bango. Anayo mhifadhi, na wanayo wazee wa Kalenga ambao ukoo huu ni wao. Mwalimu anayewapa wanafunzi maswali haya kabla hawajapanda basi amewapa ziara. Asiyewapa amewapa matembezi.

Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, inanipa mfano ninaoupenda zaidi. Makumbusho ya Wasukuma yalijengwa kwenye uwanja wa parokia kwa juhudi za Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, akishirikiana na Wasukuma wenyewe. Jengo la watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha utemi, na ndani yake zimo ngoma na vifaa vya tawala za Kisukuma. Jengo jingine ni la vyama vya ngoma, Bagalu na Bagika, ambao kila mwaka wakati wa sikukuu ya Bulabo hushindana kucheza na umati hukusanyika kuwaangalia. Ukifika wakati huo unaelewa mara moja kwamba kilichomo ndani ya jengo hakijafa. Mtu aliyechezea ngoma asubuhi anaweza kukueleza jioni chombo kilichoko ukutani hutumikaje. Kanisa la pale nalo limepambwa kwa alama za utemi wa Kisukuma, kwa hiyo muumini anayekwenda misa na mtalii anayekwenda kutazama historia wanapita uwanja mmoja. Nimelisema hili kwa makusudi, kwa sababu na sisi tunayo misheni kongwe.

Iko mifano mingine. Songea ina Makumbusho ya Majimaji mahali walipozikwa mashujaa walionyongwa tarehe 27 Februari 1906, na kila mwaka Wangoni hukutana pale kuwakumbuka. Iringa mjini, jengo la enzi ya Wajerumani liligeuzwa kuwa makumbusho ya mkoa mwaka 2016. Butiama pana ya Mwalimu Nyerere, tangu mwaka 1999. Haya yote yanafikika kwa basi.

Bagamoyo, kwa sababu ndiko tulikotokea

Kama shule zetu zina uwezo wa safari moja tu kwa mwaka, nashauri iwe Bagamoyo. Barabara ni ya lami kuanzia Morogoro, unapita Chalinze na Msata mpaka unaiona bahari. Makumbusho ya misheni ya Kikatoliki yamo katika nyumba ya zamani ya masista. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, na kutoka pwani wakapanda taratibu kuelekea kwetu: Mhonda mwaka 1877, Tununguo mwaka 1884, na kabla karne ya 19 haijaisha wakawa wamefika hapa Matombo. Mtoto wa Matombo akiwa Bagamoyo anasoma sura ya kwanza ya kitabu ambacho sura ya pili yake iko nyumbani kwao. Minyororo ya watumwa atakayoiona pale ilipita pia katika njia za Ukutu na Uluguru; mji wa Simbamwene, alioujenga Kisabengo palipo Morogoro ya leo, ulizungushiwa ukuta wa mawe kwa sababu ya hatari za nyakati hizo.

Kuna upande wa pili wa habari hiyo. Wamisionari wa shirika hilo kutoka Uholanzi, ambao walifanya kazi katika parokia za Uluguru kwa miongo mingi, shirika lao lilianzisha mwaka 1954 makumbusho ya Afrika kwao, katika kijiji cha Berg en Dal karibu na Nijmegen. Vitu vilisafiri kutoka Afrika kwenda kule, na majina ya waliovitumia mara nyingi yalibaki nyuma. Silaumu mtu hapa. Nasema tu kwamba kitu kikiondoka na jina lake likabaki, lile jina lina thamani, na sisi ndio tulionalo.

Mwana hiti

Naomba tukitazame kitu kimoja kwa karibu. Mwana hiti ni kinyago kidogo cha mti, hutosha kushikwa kwa mkono mmoja. Mwili wake ni mviringo mnyoofu kama mchi, hauna mikono wala miguu. Kichwani pana mashungi mawili ya nywele yanayosimama, na katikati kama bonde. Kifuani pana matiti mawili madogo, chini yake kitovu, na mara nyingi shanga. Ukikipata cha zamani utaona kimeng'aa kwa mafuta na mikono. Hukabidhiwa mwali akiwa ndani, akitunze kama mtoto: akipake mafuta, akichane, akiweke salama, huku akifundwa uzazi na utu uzima.

Kitu hiki kimo katika makumbusho mengi ya Ulaya na Marekani, na kwa kawaida huandikwa kuwa ni cha Wazaramo au Wakwere. Waluguru, ambao nao wanacho, hutajwa mara chache zaidi. Huandikwa pia kuwa ni mwanasesere, jambo ambalo mama yeyote aliyekaa ndani angelikataa. Ndiyo maana nilisisitiza makungwi waalikwe leo. Mimi mwanamume naweza kueleza umbo lake. Kinachofundishwa kwacho sikijui chote, wala si haki yangu kukijua chote. Makumbusho makubwa yatakiweka kwenye kioo na kuandika mwaka na aina ya mti. Makumbusho madogo ya mahali hapa yangeweza kuwa na mama mmoja anayejua lipi linasemwa mbele ya wageni na lipi linabaki kwa wanawake, na kitu kingekaa kwa heshima yake.

Tena kwetu mali ya namna hii haina mwenyewe mmoja. Mluguru anahesabu ukoo kwa mama. Ardhi, jina na vitu vya mizimu ni vya lukolo, yaani ukoo huo wa mama. Jina la chifu Kingalu pale Kinole limerithiwa na mtu baada ya mtu, kwa hiyo ukiandika kwenye kadi kwamba kiti fulani kilikuwa cha Kingalu, hujasema kitu mpaka useme Kingalu yupi. Kijana akija na ungo wa bibi yake au fimbo ya mjomba na kusema anaitoa kwa makumbusho, aulizwe kwanza kama ukoo umekaa na kukubali. Bila hivyo tutajenga chumba cha ugomvi.

Julai 1955

Sasa niseme jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Mwaka 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi katika Uluguru. Sababu yao ilikuwa mmomonyoko, na hofu juu ya maji ya mto Ruvu. Watu waliamriwa kuchimba makinga-maji ya ngazi kwenye miteremko, wakakatazwa kuchoma mashamba, na aliyekaidi alitozwa faini. Kazi ilikuwa ya sulubu, na kwenye miteremko ya upande wetu udongo wa juu ulifukiwa, ule wa chini usio na rutuba ukawekwa juu. Mazao hayakuitikia. Mgeta, penye mboga na baridi, ngazi zilishika. Huku kwetu hazikushika. Julai 1955 watu walikusanyika hapa Matombo, mawe yakarushwa, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo mpango ule ukavunjika.

Habari hii imo katika vitabu. Roland Young na Henry Fosbrooke waliiandika mwaka 1960, na Peter Pels, Mholanzi aliyefanya utafiti hapa, ameandika kwa kirefu kuhusu uhusiano wa Waluguru na wamisionari. Vitabu vyote viwili ni vya Kiingereza na haviko kwenye rafu za shule zetu. Mtoto anayeijua Majimaji kwa tarehe anapita kila siku kwenye uwanja ambapo babu zake waliushinda mpango wa serikali, na hakuna mtu wa kumwonyesha. Tarafa ya Matombo inastahili chumba cha historia yake, na kitu cha kwanza kuingia humo kiwe jembe lililochimba ngazi zile, pamoja na stakabadhi ya faini kama kuna nyumba iliyoihifadhi.

Namna ya kwenda

Kwa walimu, ushauri wa kazi. Pelekeni barua mapema, maana makumbusho haya yana mhifadhi mmoja au wawili, na akiwa msibani mtakuta kufuli. Gawanyeni wanafunzi makundi madogo. Chumba kidogo hakibebi watoto sitini kwa pamoja. Kila mwanafunzi achague kitu kimoja akichore kwa penseli, kwa kuwa mkono unaochora hulazimisha jicho kuangalia. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, hasa penye mafuvu, makaburi na vitu vya tambiko. Na mkiweza, chukueni mzee mmoja kutoka kijijini muende naye. Mzee akisimama mbele ya mtego wa panya au kinu akaanza kusema, "Hiki kwetu tulikifanya hivi," somo linabadilika, na mara nyingi mhifadhi mwenyewe huchukua kalamu akaandika.

Kwa viongozi, naomba tusianze na ramani ya jengo. Nchi hii ina Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964 na Sheria ya Makumbusho ya Taifa tangu 1980, na wataalamu wake wapo wa kutuelekeza tukiwaandikia. Jengo linaweza kuja baadaye, hata likiwa chumba kimoja cha shule au cha parokia. Kisichoweza kusubiri ni kumbukumbu. Aliyekuwa na miaka 12 wakati risasi zinapigwa hapa alizaliwa mwaka 1943. Hesabuni wamebaki wangapi katika kijiji chenu.

Ombi langu kwa semina hii ni dogo, na linaweza kuanza Jumatatu. Kila shule ya sekondari ya tarafa inunue daftari moja gumu. Ukurasa uwe na safu nne: kitu, aliyekitumia, ukoo wake, na aliyetupa habari. Wanafunzi wawili wawili, wakiwa na mwalimu, waende kwa wazee waliozaliwa kabla ya mwaka 1945 na waandike yale watakayoruhusiwa kuandika. Kwa wazee wa kike waende wasichana. Daftari la kwanza likijaa, nakala moja ibaki shuleni, moja ofisi ya kata, na moja ikabidhiwe kwa ukoo uliotoa habari.