Upepo wa Ufipa na Mkuki wa Mwanafunzi: Mada kwa Walimu wa Riadha



Wakati wa kiangazi upepo wa kusini-mashariki huvuma juu ya nyanda hizi za Ufipa, na jua likipanda ndipo unaposhika kasi. Msimu huohuo tunawaandaa wanafunzi kwa UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari. Katika mbio fupi na kuruka chini, upepo wa nyuma ukizidi mita 2.0 kwa sekunde rekodi haikubaliwi. Kwa mkuki, kisahani na tufe hakuna kikomo hicho. Mrushaji hupimwa na upepo wake. Kwa hiyo siku ya upepo tusiahirishe mazoezi. Ndiyo siku ya somo.

Tufe tuliache: ni zito, safari yake fupi, upepo haulisumbui.

Mkuki ndio wenye kazi. Ukitoka mkononi kwa mita 25 kwa sekunde na kukutana na upepo wa mbele wa mita 5, hewa inaupiga kwa kasi ya mita 30. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa kasi, hivyo inaongezeka kwa asilimia 44. Ncha ikiwa juu, mkuki husimama hewani na kuanguka karibu. Dawa yake ni kuurusha chini zaidi, ncha ikifuata njia ya mkono. Upepo ukitoka nyuma, pandisha pembe kidogo. Ukitoka ubavuni husukuma mkia, na mkuki hupinda; mwanafunzi aelekeze mrusho kidogo kule upepo unakotoka, ila mkono na mkuki vibaki mstari mmoja. Kuugeuza mkuki peke yake ni kosa ninaloliona mara nyingi.

Shule isiyo na mkuki halisi hutumia mwanzi. Unafaa kufundishia hatua, lakini kwa wepesi wake upepo huuyumbisha kupita kiasi. Marekebisho ya pembe yasifundishwe kwa mwanzi.

Kisahani kina tabia ya bawa. Upepo wa mbele wa wastani hukibeba, na anayerusha kwa mkono wa kulia hufaidika zaidi ukimjia kutoka mbele kulia kwake. Wanafunzi wengi hawaamini mpaka waone utepe wa kupimia.

Kuna jambo la mwinuko pia. Sumbawanga ipo takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa karibu asilimia 16 kuliko ya pwani. Upepo wa kasi ileile una nguvu ndogo hapa. Mwanafunzi atakayekwenda Mtwara au Tanga aambiwe mapema kwamba kule marekebisho yatakuwa makubwa zaidi, na kisahani kitabebwa vizuri zaidi.

Nasisitiza dakika moja. Kanuni humpa mrushaji dakika nzima tangu aitwe, na wanafunzi wetu hukimbia papo hapo kwa woga. Upepo huja kwa mikupuo. Funga kitambaa chepesi kwenye mti mrefu kando ya eneo la kuangukia, kwa sababu juu upepo ni mkali kuliko usawa wa kichwa. Mfundishe mrusha mkuki akitazame, asubiri upepo utulie, kisha aanze mbio.

Na upepo ukivuma ubavuni, waamuzi na watazamaji wote wahamie upande unakotoka. Upande wa pili ubaki wazi kabisa.