Daftari Kitandani pa Mgonjwa
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Mtwara)



Tuliombwa tuseme juu ya utunzaji wa wagonjwa wanaolazwa katika hospitali zetu ndogo, nasi tumeona vema kuanza na jambo lililotupata wenyewe.

Tulimpeleka mtoto wa ndugu yetu mmoja, kutoka upande wa Msimbati, katika hospitali ndogo ya pwani hii, ambayo hatutaitaja jina. Alikuwa na malaria kali, naye amekwisha shikwa na degedege. Saa 3 usiku alidungwa sindano ya kwanza ya artesuneti. Dawa hiyo ina saa zake: sindano ya pili hutolewa saa 12 baada ya ile ya kwanza, na ya tatu hufuata zikitimia saa 24. Mwuguzi wa usiku alikuwa peke yake, na wodi imejaa. Kabla hajaandika aliitwa kwa mama mwenye uchungu wa kuzaa, na kulipokucha zamu yake ikaisha, akaenda zake. Mwuguzi wa asubuhi akakuta karatasi tupu. Alimwuliza mama wa mtoto. Naye alijua kuwa mwanawe alidungwa, lakini hakujua dawa gani wala saa ngapi. Mwuguzi akaogopa kumzidishia dawa, akangoja. Mwenzake alipopatikana ilikuwa saa 8 mchana, na sindano ya saa 3 asubuhi imechelewa saa 5.

Mtoto alipona, twamshukuru Mungu. Lakini alipona kwa bahati, na hospitali haikujengwa ili watu wategemee bahati.

Hatusemi kwamba dawa ilikosekana. Dawa ilikuwamo, tena ni dawa njema. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2010, uliofanywa kwa watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo, ulionyesha kuwa katika kila watoto 1,000 waliopewa kwinini walikufa 109, na katika 1,000 waliopewa artesuneti walikufa 85. Faida hiyo yaweza kupotea kwa kukosa mstari mmoja wa wino.

Wala hatusemi kwamba kosa ni la majengo. Daktari Leader Stirling, aliyefika nchi hii mwaka 1935, na ambaye mwaka 1975 alifanywa Waziri wa Afya, alianza kupasua wagonjwa huko Lulindi, wilaya ya Masasi, katika nyumba za udongo zilizoezekwa nyasi. Aliwafundisha wauguzi Waafrika, kwa kuwa alijua ya kwamba mganga hupita kitandani mara moja au mbili, bali mwuguzi ndiye akaaye na mgonjwa mchana na usiku.

Basi, ndugu zetu, jambo hili latuhusu sisi makarani kuliko watu wengine. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ikiwa fedha ya ushuru haipokewi bila stakabadhi, yawezekanaje mgonjwa akabidhiwe kutoka mkono hata mkono bila maandiko?

Wako watakaosema kuwa wauguzi ni wachache, na kuandika kutawaongezea mzigo. Neno hilo ni la haki, wala hatumlaumu mwuguzi yule aliyekuwa peke yake na roho za watu wengi mikononi mwake. Lakini kuandika dawa, kiasi na saa ni kazi ya dakika moja. Kumtafuta mtu aliyekwisha kwenda kulala ni kazi ya nusu siku.

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kamati za hospitali zitake kila dawa iandikwe palepale inapotolewa, na wauguzi wakabidhiane zamu kitanda kwa kitanda, daftari mkononi. Pili, wanachama wenye nafasi wajitolee kusaidia hesabu za ghala na stakabadhi, ili mikono ya mwuguzi ibaki kwa wagonjwa. Lakini karatasi ya mgonjwa tusiiguse, kwa maana ni siri yake. Tatu, kila mmoja wetu akimpeleka mtu wake, aulize kwa adabu jina la dawa na saa ya kuirudia, kisha aandike. Na katika kitanda cha jirani akiwapo mgonjwa asiye na ndugu, amwulizie na huyo.