Albertina Sisulu: Maisha ya Muuguzi, Mkunga na Mama

Nontsikelelo Albertina Sisulu alizaliwa tarehe 21 Oktoba 1918 katika kijiji cha Camama, Tsomo, eneo la Transkei nchini Afrika Kusini. Baba yake alikuwa kibarua wa migodini, na maradhi ya kifua aliyorudi nayo kutoka huko yalimuua wakati binti yake akiwa bado mdogo. Afya ya mama nayo haikuwa nzuri, hivyo mara kwa mara Albertina alikatizwa masomo ili alee wadogo zake. Kwa sababu ya miaka hiyo aliyoipoteza, alipofaulu mtihani wa kupata ufadhili aliambiwa umri wake umepita. Mapadri wa Kikatoliki walioisikia habari hiyo walimtafutia nafasi katika shule ya Mariazell, karibu na Matatiele, akamaliza mwaka 1939.

Alitamani kuwa mtawa. Padri Bernard Huss ndiye aliyemweleza kwamba mtawa hana mshahara wa kupeleka kwao, lakini mwanafunzi wa uuguzi hulipwa tangu akiwa mafunzoni. Kwa binti aliyekwisha kuahidi kwamba hataolewa ili awasomeshe wadogo zake, hoja hiyo ilitosha.

Januari 1940 alianza mafunzo katika hospitali ya Waafrika mjini Johannesburg. Humo ndimo alimokutana na ubaguzi ukiwa umevaa sare ya kazi. Ilipotokea ajali kubwa, majeruhi Waafrika walilazwa sakafuni kwa kukosa vitanda, na wakubwa wa hospitali wakakataa katakata wahamishiwe upande wa Wazungu uliokuwa na nafasi. Mwaka 1941 mama yake alifariki, naye akanyimwa ruhusa ya kwenda kuzika. Wasimulizi wengi wa maisha yake huanzia pale alipokutana na Walter Sisulu, mwanasiasa aliyekuja kuwa mumewe. Ukweli ni kwamba wodi ilikuwa imekwisha kumfundisha mengi kabla ya mikutano ya siasa.

Alifunga ndoa na Walter Julai 1944, Nelson Mandela akiwa msimamizi wa bwana harusi. Walizaa watoto watano: Max, Mlungisi, Zwelakhe, Lindiwe na Nonkululeko. Nyumba yao ndogo, namba 7372 Orlando West, iliwalea pia watoto wa ndugu za Walter, pamoja na mama mkwe na wageni wasiokatika. Desemba 1949 Walter alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu wa ANC, chama kilichopigania haki za Waafrika, akaacha kutafuta kipato. Tangu hapo mshahara wa muuguzi ndio ulionunua unga, ukalipa kodi na karo.

Mwaka 1954 Albertina alihitimu ukunga, kazi aliyoifanya kwa moyo wote chini ya idara ya afya ya jiji. Wakunga wa mitaani wa wakati huo walikwenda kwa miguu nyumba hadi nyumba, wakiwa na sanduku kichwani lililojaa chupa za dawa, mabeseni na vyombo vya kuzalishia. Nyumba nyingi za Orlando hazikuwa na umeme, na mara nyingi familia nzima ililala chumba kimoja. Mkunga alifika, akachemsha maji, akamtuliza mzazi na kuwatoa nje wasiohusika. Wala kazi yake haikuisha mtoto alipolia: kitovu kilihitaji kuangaliwa hadi kidondoke, na mama kuchunguzwa asije akapata homa ya uzazi. Mkunga aliyeingia ndani namna hiyo alijua nani amelala njaa na mume wa nani amekamatwa kwa kukosa pasi, hati ambayo Mwafrika alilazimishwa kuibeba. Ndiyo maana Albertina alipowaita wanawake kuandamana, waliitika: walikuwa wakimjua tangu siku walipojifungua. Tarehe 9 Agosti 1956 alikuwa miongoni mwa wanawake wapatao 20,000 walioandamana hadi Pretoria kupinga pasi.

Kuna sehemu ya maisha yake inayoigusa Tanzania moja kwa moja, ingawa haisimuliwi sana. Tanganyika ilipopata uhuru Desemba 1961, wauguzi wengi wa Kiingereza waliondoka na hospitali zikapungukiwa watu. ANC iliombwa msaada, ikapeleka wauguzi 20 Waafrika kutoka Afrika Kusini. Albertina alikuwa miongoni mwa waliowatafuta na kuwaandaa kwa safari hiyo, na kwa wengi wao ukawa mwanzo wa miaka mingi ya uhamishoni.

Juni 1963 yeye mwenyewe alikamatwa, akawa mwanamke wa kwanza kushikiliwa chini ya sheria iliyoruhusu polisi kumweka mtu ndani siku 90 bila mashtaka. Aliwekwa peke yake, huku maofisa wakimtesa kwa habari za watoto aliowaacha nyumbani. Mwaka uliofuata Walter alihukumiwa kifungo cha maisha, na Albertina akawekewa amri za marufuku zilizoendelea kwa takribani miaka 17. Alizuiwa kuhudhuria mikutano, na kwa muda mrefu hakuruhusiwa kutoka nyumbani usiku. Hata hivyo kazini alikwenda. Watoto aliwapeleka shule Swaziland ili wakwepe elimu duni iliyowekewa Waafrika, na mshahara ulipopelea alishona na kufuma nguo za kuuza.

Alistaafu kazi ya jiji mwaka 1983, mwaka ambao pia alichaguliwa kuwa mmoja wa marais wa UDF, muungano uliopinga ubaguzi wa rangi, akiwa mahabusu. Kisha akaajiriwa na Dk. Abu Asvat katika zahanati yake huko Soweto. Daktari huyo alikuwa kiongozi wa AZAPO, chama kilichokuwa kikizozana vikali na UDF, hata damu ikamwagika mitaani. Wawili hao walitibu wagonjwa pamoja bila kuulizana kadi za chama. Albertina alipofunguliwa kesi ya uhaini mwaka 1985, ambayo hatimaye alifutiwa mashtaka, Asvat aliendelea kumlipa mshahara. Tarehe 27 Januari 1989 watu wawili waliojifanya wagonjwa walimuua daktari kwa risasi ndani ya zahanati hiyo, Albertina akiwa humo humo kazini. Ni vigumu kutaja pigo lililomuumiza zaidi nje ya familia yake.

Walter aliachiwa Oktoba mwaka huo huo, baada ya miaka 26 kifungoni. Mwaka 1994 Albertina aliingia bungeni, na yeye ndiye aliyesimama kumpendekeza Mandela kuwa rais. Walter alifariki mwaka 2003. Albertina alifariki nyumbani Johannesburg tarehe 2 Juni 2011, akiwa na umri wa miaka 92, wakati mwanawe Max akiwa Spika wa Bunge na Lindiwe akiwa waziri. Aliagwa katika uwanja wa michezo wa Orlando, kwenye mtaa ambao alikuwa amewazalisha wanawake wake kwa miongo mingi.